Programu ya ordinatere: tupatane bei mbele ya kusaini, hapana wakati wa mavuno



Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo hakuna mutu anayakatala. Leo daftari ya koperative mingi imetoka ndani ya kaye na imeingia ndani ya telefoni na ordinatere. Majina ya wanamemba, mashamba yao, kilo zenye kila mutu alileta ku mizani, avansi yenye alipewa, yote iko mule. Ni jambo zuri. Lakini kuko swali moja lenye tunasahau kujiuliza: kama daftari yetu iko mikononi mwa mutu mwingine, na siku moja anafunga mulango, tutafanya nini?

Hatuulize hivyo juu ya kuogopesha watu. Tuliona jambo hilo kwa macho yetu, katika koperative moja ya kahawa yenye tunasindikiza. Proje ililipia programu muda wa miaka mbili. Watu wa depo walifundishwa, tablete zilikuja, mizani ikawa inapima na bon inatoka palepale. Wanamemba walifurahi, maana hakuna tena mutu wa kusema "kilo zangu zilipotea ku kaye". Kisha proje ikaisha mwezi wa 12. Mwezi wa 4, katikati ya mavuno, faktire ikafika kwa imeli, kwa jina la koperative. Bei ilikuwa imepanda, maana ile ya miaka mbili ya kwanza ilikuwa ya punguzo. Koperative haikukuwa na ile feza, kwa sababu wakati wa mavuno makuta yote inaenda kununua matunda ya kahawa. Siku 15 zikapita, na kioo kikafungwa. Makarani wakarudi ku kaye. Na si hivyo tu: kilo za msimu uliopita zilikuwa mulemule ndani, kwa hiyo malipo ya pili yenye wanamemba walikuwa wanangojea haikuweza kuhesabiwa. Kuko wamama wenye walikopa feza ya masomo juu ya hiyo.

Tuseme kweli yote. Yule muuzaji hakuvunja mukataba. Alifuata vile iliandikwa. Ukurasa wa mwisho ulisema mukataba unajiendeleza wenyewe, bei ya punguzo inaisha kisha miaka mbili, na mwenye halipe anafungiwa. Na wenye walisaini ni sisi, watu wa proje, pamoja na prezida wa koperative, siku moja, mbele ya chakula cha saa sita. Hatukusoma vizuri. Hatukuomba kitu. Kwa bei ya kahawa tunabishana mpaka senti ya mwisho, na kwa bei ya programu tulisaini kama watu wenye wanapokea zawadi.

Maoni yetu katika gazeti hii ni hiyo: mukataba wa programu unajadiliwa kama mukataba wa kahawa. Unajadiliwa mbele, wakati muuzaji angali anatutafuta. Kisha habari zetu zote kuingia mule ndani, nguvu yetu ya kujadili imekwisha.

Tunapanga, hatununue

Kwanza tuelewane juu ya neno lisansi. Ukinunua mashini ya kutoboa kahawa, ni yako. Ikizeeka, ni chuma chako. Programu haiko hivyo. Mara mingi muuzaji anabaki mwenye mali, na wewe unalipa ruhusa ya kutumia, mwaka kwa mwaka. Ni kama kupanga nyumba: unalipa, unalala, haulipe, unatoka. Tofauti ni kwamba ukitoka ndani ya nyumba unabeba vitanda na masufuria yako. Ndani ya programu, vitanda na masufuria ni majina ya wanamemba, mashamba na kilo zao. Kama mukataba hausemi namna ya kuvibeba, vinaweza kubaki kwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo musiulize tu "bei gani?" Muulize: bei gani kwa kitu gani, kwa muda gani, na siku tunatoka tunabeba nini?

Bei ya ukurasa wa kwanza haiko bei

Tuchukue mufano. Ni mufano wetu wa kuhesabia, haiko bei ya kampuni fulani. Koperative iko na wanamemba 1 200. Muuzaji anakuja na anasema: "Dola moja na nusu tu kwa mukulima kwa mwaka." Mutu anapiga hesabu haraka: dola 1 800. Komite inatingisha kichwa, inaona ni sawa.

Sasa tugeuze ukurasa. Kila mutu mwenye anafungua programu, karani ao kontable, analipiwa dola 15 kwa mwezi. Tuko na watano: dola 900 kwa mwaka. Kuweka programu mara ya kwanza: dola 2 500. Kufundisha makarani: dola 1 200. Jumla ya mwaka wa kwanza ni dola 6 400. Chini kabisa imeandikwa "hors taxe", maana yake TVA haijaingia. Kwetu Congo TVA ni 16 kwa mia, basi ongeza dola 1 024. Mwaka wa kwanza: dola 7 424.

Mwaka wa pili hakuna tena kuweka wala kufundisha. Inabaki 1 800 na 900, ni 2 700, na TVA inakuwa 3 132. Mwaka wa tatu mukataba unaruhusu kupandisha bei 10 kwa mia: inafika karibu 3 445. Ukijumlisha miaka tatu, ni dola 14 001. Kwa mwanamemba mumoja ni karibu dola 11 na senti 67. Alikuwa ameambiwa dola moja na nusu kwa mwaka, ni kusema dola 4 na nusu kwa miaka tatu.

Hakuna wizi mule. Kila namba iliandikwa. Lakini bei ya kweli iko katika jumla ya miaka tatu, na ile jumla hakuna muuzaji anatuletea kama hatumuombe. Tumuombe. Aandike mwenyewe, ku karatasi yake, kila kitu chenye tutalipa kwa miaka tatu, TVA ndani. Akikatala kuandika, tayari tumepata jibu.

Turudilie sasa mufano uleule, lakini tukiwa tumejadili. Kwa wanamemba 1 200, ni wangapi kweli wanaleta kahawa? Tuseme 700. Wengine wamehama, wamezeeka, ao wanauzisha pengine. Tuombe kulipa juu ya wenye wanaleta: 700 mara dola moja na nusu, ni 1 050. Makarani watano, lakini watatu wanafanya kazi miezi 4 ya mavuno tu. Tuombe wawili walipiwe mwaka muzima, dola 360, na watatu miezi 4, dola 180. Basi kwa mwaka ni 1 590, mahali pa 2 700. Kuweka programu, tuombe 1 500. Kufundisha tusiguse, tutaeleza sababu. Na bei isipande kwa miaka tatu. Mwaka wa kwanza inakuwa karibu dola 4 976 na TVA ndani. Mwaka wa pili na wa tatu, kila mumoja karibu 1 844. Jumla: dola 8 665.

Tofauti ni dola 5 336. Kama koperative inabakiwa na senti 10 kwa kila kilo ya matunda, hiyo ni faida ya kilo zaidi ya 53 000. Ni watu wangapi wenye walipanda na kushuka milima na vikapu ku mugongo juu ya hizo kilo? Njo maana tunasema kusoma mukataba ni kazi ya shamba pia.

Sababu gani bei inaweza kushuka

Wengine wanatuambia: "Lakini muuzaji ametaja bei yake, tutamupunguza namna gani? Haiko sokoni ya ndizi." Tujibu hivi. Ukiuzisha mufuko wa kahawa, umetoka ku depo yako, hauko nao tena. Mukulima hawezi kushuka chini ya jasho lake. Programu iko tofauti. Kuitengeneza inaomba feza mingi, lakini kisha kutengenezwa, kuongeza koperative moja zaidi inaomba feza kidogo sana. Mufuko uleule unauzishwa kwa watu mia na ungali ku depo. Kwa hiyo muuzaji iko na nafasi ya kushuka, na katika biashara hiyo watu wanashuka kila siku. Bei ya kwanza inatajwa ili ijadiliwe.

Tena wauzaji wa kampuni kubwa mara mingi wanahesabiwa kazi yao kwa mwezi, kwa miezi tatu, ao kwa mwaka. Mwisho wa ule muda, mutu mwenye hajafikisha hesabu yake anashuka kuliko mutu mwenye ameanza. Kama hatuna haraka, tusikubali haraka yake. Akisema "punguzo hii inaisha ijumaa", tumuulize kwa upole: na juma tatu programu itakuwa imebadilika?

Lakini kuko kitu chenye hatupunguze ovyo: kazi ya watu. Mufundishaji mwenye anapanda moto mpaka ku depo ya mwisho, fundi mwenye anajibu simu saa kumi na mbili asubuhi wakati mizani imekatala, hao wanakula mushahara. Tukibana hapo, tutapata programu ya bei ya chini yenye hakuna mutu anajua kuitumia. Tubane lisansi, tusibane mafunzo. Na tuombe iandikwe: siku ngapi, ku depo zipi, kwa luga gani.

Musikubali kuogopeshwa na Ulaya

Kwa wenye kahawa na kakao, kuko neno moja lenye linafungua porte-monnaie haraka: Ulaya. "Bila programu yetu, hamutauzisha tena kule." Tulisikia maneno hayo zaidi ya mara moja. Tueleze vile iko.

Ni kweli kama Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka wa 2023 juu ya vitu saba: kahawa, kakao, mafuta ya mawese, kaucho, soya, ngombe na miti. Vitu hivyo havitakiwi kutoka mahali pori lilikatwa kisha tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2020. Tarehe ya kuanza kutumia sheria hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wengi wameanza kuomba habari za mashamba.

Sasa, sheria inaomba nini? Inaomba kujua shamba liko wapi. Kwa shamba la hektari 4 ao chini yake, alama moja ya GPS inatosha. Zaidi ya hapo, inaomba mistari ya kuzunguka shamba lote. Wengi wetu hatuna hektari 4. Alama moja inachukuliwa na telefoni yenye iko na GPS. Hakuna pahali sheria inataja kampuni fulani ao programu fulani yenye lazima kununua. Na mutu wa kwanza mwenye sheria inamubeba ni yule mwenye anaingiza kahawa ku soko ya Ulaya, ni kusema munununuzi wetu wa kule. Yeye njo anatoa tangazo mbele ya serikali za kwao. Sisi tunamupa habari zenye anahitaji.

Tunatoa maoni mawili hapo. La kwanza: kama ile kazi ni ya kumusaidia munununuzi kutimiza sheria yake, basi gharama yake iingie ndani ya mazungumuzo ya bei ya kahawa. Tumuulize analipa sehemu gani. La pili: alama za mashamba yetu ziko mali yetu. Tusiziweke kwa mutu mwenye kesho atatuuzishia sisi wenyewe.

Kuko pia zana zenye hazina lisansi ya kulipa. KoboToolbox inatumiwa na mashirika mingi ya misaada kwa kukusanya habari na telefoni, hata pahali hakuna rezo. QGIS inachora ramani. Dolibarr inashika hesabu na faktire. Hatusemi ziko bure kabisa: inaomba mutu mwenye anajua, na wakati. Hatusemi tena zinafanya kila kitu chenye programu ya kununua inafanya. Lakini hata kama mwishowe tunanunua, mutu mwenye iko na pahali pengine pa kwenda njo anaweza kujadili. Mutu mwenye hana, anaomba tu.

Mambo sita ya kuomba yaandikwe

Ahadi ya mudomo ni nzuri, lakini yule mwenye aliahidi anaweza kubadilisha kazi mwaka ujao. Hii njo mambo yenye tunaomba kila komite isikubali kusaini bila kuyaona ku karatasi.

1. Habari zetu ziko zetu. Iandikwe kama koperative inaweza kutoa yote, majina, kilo, malipo na alama za GPS, wakati wowote, bila kulipa, katika fayili yenye Excel inaweza kufungua. Na kisha mukataba kuisha, tubakie na siku 90 za kuingia na kutoa vitu vyetu. Musingoje mwisho: mwombe muuzaji aonyeshe namna ya kutoa mbele ya kusaini, palepale, ku macho yenu. Kisha mufanye hivyo kila mwisho wa mwezi, na muweke kopi ku depo ingine.

2. Kusifungwe wakati wa mavuno. Kama kuko malipo yenye imechelewa, muuzaji atoe habari kwa maandishi, angoje siku 60, na asikate kazi katikati ya kampanye. Tunaweza pia kuomba tarehe ya kulipa ifuate mufuko wetu: kulipa kisha munununuzi wa kahawa kutulipa, hapana wakati makuta yote iko ndani ya matunda.

3. Mukataba usijiendeleze wenyewe. Mutafute ndani ya karatasi maneno "reconduction tacite". Maana yake ni kama hamusemi kitu, mumekubali mwaka mwingine. Mara mingi inaomba kutoa habari miezi miwili ao tatu mbele. Muombe yatolewe. Yakibaki, andikeni ile tarehe ku ukuta wa biro, na rangi nyekundu.

4. Bei ikuwe na mwisho. Isipande muda wa miaka tatu, ao ipande kwa kiasi chenye kimeandikwa. "Muuzaji anaweza kubadilisha bei" haiko kiasi. Na punguzo ikiisha, bei ya kisha punguzo iandikwe tangu leo.

5. Tulipe kidogo kidogo, kwa kazi yenye imeonekana. Kwa mufano: sehemu ya tatu siku ya kusaini, sehemu ya tatu wakati programu inapima na kutoa bon ku depo yenye haina rezo wala moto ya umeme ya kila siku, na sehemu ya mwisho kisha kampanye moja nzima. Programu yenye inafanya kazi vizuri ku hoteli ya muji haijaonyesha kitu.

6. Mabishano yatatuliwe karibu. Mikataba mingi inasema kesi itaenda ku tribinali ya inchi ya muuzaji. Koperative gani kati yetu itapanda ndege kwa dola elfu mbili? Tuombe sheria ya Congo na tribinali ya kwetu. Inchi yetu iliingia ndani ya OHADA mwaka wa 2012, kwa hiyo hata muuzaji wa inchi ingine ya OHADA hawezi kusema sheria yetu ya biashara ni ngeni kwake. Na iandikwe pia kama njia imefungwa, banki zimefungwa ao watu wamekimbia, malipo inasimama mpaka hali irudi. Sisi tunajua sababu gani tunaomba hiyo.

Tunaongeza neno moja juu ya usiri. Jina la mukulima, namba yake ya telefoni, pahali shamba lake liko na feza yenye alipokea, hiyo ni siri yake. Code du numérique ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka wa 2023, inalinda habari za watu binafsi. Muuzaji aandike kama hatauzisha wala kupatia mutu mwingine habari hizo bila ruhusa. Na sisi ku komite tuwaulize wanamemba ruhusa yao mbele ya kuandika alama za mashamba yao. Wengi hawajaulizwa mpaka leo.

Tuende pamoja

Koperative moja ya wanamemba 700 mbele ya kampuni ni mutu mudogo. Koperative nane za eneo moja ni kitu kingine. Sheria ya koperative ya OHADA inaruhusu koperative kufanya union na federation. Mara mingi tunakumbuka union wakati wa kuuzisha kahawa ao kuomba musaada. Tuikumbuke pia wakati wa kununua. Union ijadili mukataba mumoja, bei moja, na kila koperative isaini sehemu yake. Fundi mumoja anaweza kuzunguka depo zote, na gharama yake tukaigawanya.

Kama union haijafika pale, tuanze na kitu kidogo: tuambiane bei. Tuligundua koperative mbili za jirani zinatumia programu moja, na moja inalipa karibu mara mbili ya ingine. Hakuna sababu ingine: moja iliuliza, ingine haikuuliza. Kama mukataba wenu unakataza kusema bei, muombe ile sentensi itolewe. Muuzaji njo anajua bei ya wote. Sisi kila mutu anajua ya kwake tu.

Kuko wenye watasema tukiomba mambo yote hayo muuzaji atakimbia. Anaweza. Mara mingi hakimbie: anakubali manne kati ya sita, na yale mawili tunajua tumeacha nini. Na mwenye anakimbia kwa sababu tuliomba majina ya wanamemba wetu yabaki yetu, tumubariki aende salama.

Na sisi wenye proje

Hatuwezi kumaliza bila kujisemea sisi wenyewe. Tulikuwa tunaleta programu kama tunaleta mbegu: tunalipa, tunagawanya, tunapiga picha, tunaenda. Mbegu inaota hata kama proje imeisha. Programu inaomba feza kila mwaka.

Basi tunasema hapa, ili wakubwa wetu pia wasome: proje isisaini tena mukataba wa programu pahali pa koperative. Jina la koperative likuwe ndani tangu siku ya kwanza, na likuwe na haki zote, si madeni tu. Jumla ya miaka mitano ionyeshwe mbele ya kuanza, na mwaka wenye proje itaacha kulipa uandikwe. Kama koperative haiwezi kulipa ule mwaka kwa faida yake yenyewe, basi programu ni kubwa kuliko koperative, na kaye nzuri yenye inashikwa vizuri inapita ordinatere yenye itafungwa.

Na kwenu, wanamemba: mukataba wa programu usisainiwe na prezida peke yake. Ku koperative simplifiée kuko commission de surveillance; ku koperative zenye conseil d'administration kuko conseil de surveillance. Wapewe siku saba za kusoma. Kisha ku mukutano mukubwa, mutu asimame na aulize mambo matatu: tunalipa ngapi kwa miaka tatu, TVA ndani? Tarehe gani ya mwisho ya kusema hatuendelee? Na kopi ya kilo zetu iko wapi leo?

Ile koperative ya kahawa ilifunguliwa kioo kisha kulipa nusu, na malipo ya pili ilifika kwa wanamemba na miezi tatu ya kuchelewa. Mwaka huu waliandika mukataba mupya. Walichukua siku 11 za kujadili. Walipata mambo matano kati ya sita. Karani wa depo ya juu anatoa kopi kila mwisho wa mwezi, na anaitia ndani ya sanduku la chuma pamoja na muhuri.

Kama muko na mukataba wenye hamujasaini bado, muulete ku biro yetu ao mupatie agronomo wetu akipita. Tutausoma pamoja, sentensi kwa sentensi. Na kama muko na wenye mulisaini kale, muulete pia. Tuangalie tarehe.